Hodi kwa Mama Kubwa

Baba yangu alikuwa askari wa akiba. Serikali ilimpa bunduki na risasi za kuhesabika, ikamwambia alinde kijiji, kwa kuwa kituo cha polisi kilikuwa mbali mno na wezi wa ng'ombe walikuwa karibu mno. Mshahara hawakumpa. Bunduki ilikaa chini ya kitanda chake, na nyumbani tukawa na sheria mbili. Ya kwanza, bunduki haiguswi na mtu ila mwenyewe. Ya pili, hakuna anayeingia bomani bila kupiga hodi kutoka kwenye ua na kungoja aitikiwe. Hata baba akirudi kutoka lindoni alipiga hodi kwake mwenyewe, na mama hakuondoa gogo la mlangoni mpaka aisikie sauti yake. Kwa jirani mmoja sheria ya pili ilidharauliwa, akampiga risasi ndugu yake wa tumbo moja aliyeingia kimya akitoka matangani. Hatukuhitaji kufundishwa tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia bunduki ni uovu mtupu, huwa namuuliza kwao polisi hufika baada ya muda gani. Serikali ilipokuja kuzikusanya bunduki za akiba, kwa sababu wachache walizitumia vibaya, mama yangu aliacha kulala. Hakuna aliyetuvamia miezi ile ya kwanza. Aliacha tu kulala. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, akisikiliza mbuzi, na asubuhi alichota maji kama mtu anayetembea ndotoni. Nilimwonea uchungu ambao sikuwa na la kuufanyia.

Nilienda Saudia miaka ile maajenti wa Nairobi walipokuwa wakisomba wasichana kama viazi. Nilipangiwa nyumba moja Riyadh: baba mwenye nyumba, madam, binti yao wa miaka sita, na mama mzazi wa baba, mjane, ambaye nilimwita mama kubwa. Madam alikuwa mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia, ila alipenda ukimya kuliko nilivyopenda chumvi. Alininunulia slipa laini za mpira, akaniagiza nitembee nisisikike. Nilitii. Nani asiyetii wiki ya kwanza, pasipoti ikiwa kwa kafili, mwajiri wake?

Alasiri moja nilimpelekea mama kubwa kahawa. Nilisukuma mlango kwa kiwiko, kimya kama nilivyofundishwa. Alikuwa amejilaza. Akafumbua macho, mkono ukaingia chini ya mto, ukatoka na bastola. Nimekulia kwa watu wa bunduki, namjua anayeigiza na anayejua. Yule bibi alijua. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, wakati mimi kahawa ilikuwa inanimwagikia mguuni na wala sikuihisi. Kilichonitoka kinywani kilikuwa cha nyumbani.

"Hodi, mama. Hodi."

Aliishusha bastola taratibu, akaniuliza nimesema nini. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nilimweleza kwamba kwetu mtu mwema hujitangaza kabla ya kuingia, mwizi ndiye huja kimya. Alinitazama, akatazama slipa zangu.

"Basi madam wako anakufundisha wizi," alisema.

Tulicheka wote wawili, mimi machozi yakinitoka. Tangu siku hiyo nilipiga hodi mlangoni pake, na yeye, nilipomfundisha, akawa ananiitikia "karibu". Madam alisikia kelele hizo akanuna, mama kubwa akamwambia aache, na katika nyumba ile neno la mama kubwa lilikuwa halas, limekwisha.

Alinisimulia mambo yake kidogo kidogo, nikimkanda miguu. Aliolewa msichana mdogo, wakaishi kwenye mahema jangwani. Mume alikuwa akiondoka na ngamia siku nyingi, akimwachia bunduki na watoto wawili. Usiku wa kwanza, aliniambia, alilia. Wa pili alilala, kwa sababu bunduki ilikuwa kando yake. Mume alipokufa hapo Riyadh, alichoomba katika mali yote ni ile bastola yake. Baadaye nyumba ya tatu kutoka yetu iliingiliwa na wezi mchana, watu wakiwa kazini, na yeye akaona alifanya vema. Mwenye kibali cha bastola ile alikuwa kaburini, hilo nililijua. Lakini nilijua pia kwamba mwanamke huyu alikuwa analala, na mama yangu hakuwa analala.

Nilimpigia simu binamu yangu, dereva huko Al-Mahjar, Jeddah, nikamuuliza kama nimwambie baba mwenye nyumba habari ya bastola. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Wachana na bunduki ya wenyewe, dadangu. Ikilia, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Nikaachana nayo, ingawa si kwa sababu yake. Nilitandika kitanda kile kila asubuhi karibu miaka miwili, nikiuinua mto pamoja na bastola ndani ya kitambaa chake, bila kukifunua kamwe. Sheria ya kwanza ya baba yangu niliivuka nayo bahari.

Mwaka wa pili mama kubwa akaanza kusahau. Aliuliza ngamia wamenyweshwa na nani. Alimwita mwanawe kwa jina la marehemu. Mimi aliweza kunisahau asubuhi nzima, lakini nikipiga hodi tu, "karibu" ilikuja yenyewe, na uso ukamtulia. Nilijivunia jambo hilo. Nilijiona nimeweka kufuli penye hatari, na ufunguo ninao mimi.

Shule zilipofungwa tulihamia Jeddah, kwenye fleti ya familia. Hapo chumba chake kilitazamana na jikoni. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa nakaanga sambusa, nikamwona yule mtoto anakimbiza mpira wake mpaka ndani kwa bibi yake. Hakupiga hodi. Kwa nini apige, ni nyumbani kwao? Nikaona mkono wa mama kubwa unaingia chini ya mto, na bastola inatoka, na macho yake yakimtazama mjukuu kama mtu asiyemjua. Nilipiga kelele, "Hodi! Hodi, mama kubwa!"

Bastola ilisimama hewani.

"Karibu," alijibu, kwa upole kabisa.

Nilimzoa mtoto nikamtoa nje. Sambusa ziliungua, na hakuna aliyezila.

Baba aliporudi kutoka swala ya alasiri nilimfuata sebuleni. Sikumvuta pembeni. Sikungoja awe peke yake. Madam alikuwa amekaa pale na mwanawe mapajani, nami nikasema mbele yao wote.

"Baba, mama kubwa ana bastola. Leo amemwelekezea mtoto."

Madam alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Baba hakushtuka. Aliinuka akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na kile kitambaa, akaniita jikoni. Alichomoa magazini ya bastola, kile kikasha cha risasi, akanionyesha. Ilikuwa tupu.

"Mafi risasi," alisema. "Nilizitoa wiki tuliyomzika baba yangu. Nilimwachia usingizi wake."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza mimi, niliyetandika kitanda kile kila siku, kwa nini sikutazama. Hakuuliza kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, nami sikuuliza, na yeye hakusema, kila mmoja akimtunzia yule bibi heshima kwa njia yake. Kama ningekuwa mdaku kama wajakazi wengine wanavyosemwa, ningejua siku ya kwanza.

Lakini madam alishasikia, na hofu ya mama kwa mwanawe haina magazini ya kuchomoa. Simlaumu. Bastola iliondoka mle ndani jioni hiyohiyo. Ilikopelekwa sikuambiwa.

Kesho yake nilimpelekea kahawa. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi kama siku zote. Kimya. Nikapiga tena.

"Min?" aliuliza. Ni nani?

Nikamwambia ni mimi, mama kubwa, mimi wa kahawa. Akauliza tena ni nani, na tena, na kila mara nikamjibu, nikiingoja "karibu" ambayo haikuja. Mwishowe nikausukuma mlango. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, macho mekundu, akisikiliza.

Niliweka kahawa chini nikakaa naye mpaka ikapoa.