Soksi Kwenye Mashine ya Madam

Mkitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu mimi mwenyewe nikikumbuka ile Ijumaa najifunika uso na blanketi, na hapa chumbani kwangu Umm Salal, ughaibuni ninakofanya kazi za ndani, hakuna hata mtu wa kuniona.

Ijumaa ndiyo siku pekee nasikia Kiswahili mdomoni mwa mtu (si kwenye simu), pale kanisani Mesaimeer, na madam huniruhusu kutoka nikimaliza kufua. Wiki nzima nilikuwa mpweke hadi naongea na pasi. Sasa siku hiyo mashine ikasimama katikati, shuka ndani, maji yamejaa, mlango umejifunga, inalia ti-ti-ti. Ningemwambia madam angeita fundi, na fundi wa Ijumaa huja Jumamosi, kwa hivyo nikanyamaza, nikampigia Akinyi, rafiki yangu wa kanisani anayefanya kazi ya kufua hotelini.

"Filta imeziba," akasema. "Kuna kakifuniko hapo chini, kafungue, lakini kwanza..."

Nikakata simu. Aki mimi na haraka zangu! (Hiyo "kwanza" ilikuwa nitoe maji kidogo kidogo kwa karai.)

Nikazungusha kifuniko, maji yakanirukia kifuani, yakashika korido moja kwa moja hadi majlis, sebule ya wanaume, ambako Baba mwenye nyumba alikuwa na wageni wametoka msikitini. Viatu walikuwa wamevivua mlangoni, kama kawaida yao, na viatu vikaanza safari. Mimi navifuata kwa magoti, kitambaa cha kichwa nimekivua nizibie maji, nywele wazi mbele ya wanaume ambao hata chai siruhusiwi kuwapelekea, nimekumbatia ndala za watu nikisema "sori, sori," nao wameinua kanzu, wanatazama dari wasinione. Woiye, afadhali wangecheka.

Madam akaja mbio. Nilijua leo narudishwa kwetu. Hakunigombeza, aliinama akatia vidole kwenye tundu la filta, akavuta kilichoziba: soksi moja ndogo ya manjano.

"Hada mal min?" Hii ni ya nani? (Watoto wake wote wana ndevu.)

Ni ya mwanangu Baraka. Nilitoka nayo Kakamega akiwa bado hajatembea, huwa nalala nayo chini ya mto, na sijawahi kuifua hata mara moja kwa sababu ilikuwa bado ina harufu yake ya usingizi. Asubuhi hiyo nikiharakisha nilikunja shuka yangu nikaitupa na zao, soksi ikiwa ndani.

"Yangu, madam," nikasema, nikaketi kwenye maji nikalia, mtu mzima.

Akaikamua, akanipa, akaniambia niende tu kanisani. Sikuenda. Nilijifungia chumbani nikainusa, nikainusa tena: sabuni tupu, ileile ya shuka za nyumba nzima.

Filta siigusi tena bila karai, hiyo naapa, na shuka nazikung'uta vizuri kabla sijazitia kwenye mashine, ingawa nilichokuwa nakitunza kilishaenda na yale maji.