Kokwa za Kpalbusi

Magajia wetu, yaani kiongozi wa wanawake, Fuseina Napari, alikuwa mjane asiyejua woga. Sisi wanawake kumi na sita tuliokamua mafuta ya kokwa za mti wa shea nje ya mji wa Tamale tulimfuata kwa kila neno. Mtengeneza sabuni wa Nairobi alipotuandikia kwamba sasa, kwa mkataba wa soko huru la Afrika, mafuta yetu yangeingia kwao bila ushuru, Fuseina ndiye aliyesema tujaribu. Kilichotakiwa ni kimoja tu: cheti cha asili, kuonyesha kila kokwa imetoka wapi.

Kokwa zetu bora zilitoka Kpalbusi, kando ya mto. Fuseina alizifuata mwenyewe kila Jumatano, akabadilishana kwa chumvi na bibi mmoja kipofu aitwaye Lariba. Hatukuwahi kwenda naye. Mama zetu walisema kijiji kile kilihamwa zamani, inzi wa mtoni walipowapofusha watu. Fuseina alituambia basi wamerudi, na kokwa si hizi hapa?

Ofisa wa vyeti, kijana mpole aitwaye Wumpini, akataka kufika huko ajionee. Nikapanda gari pamoja nao.

Tulifika saa nne asubuhi. Kuta zilikuwa zimeanguka, miti imeota ndani ya vyumba. Lakini uani kokwa zilikuwa zimeanikwa kwa mistari iliyonyooka, zimetoka kuchemshwa, zinafuka mvuke. Hapakuwa na jiko, majivu wala unyayo. Hata ndege hawakulia. Wumpini akatoa fomu yake, akaanza kujaza.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta, taratibu, kama ya mtu aliyeketi.

“Mwanangu, leo umekuja na wageni. Huyo anaandika nini?”

“Anaandika mmetoka wapi, bibi,” Fuseina akajibu.

“Mwambie hatukutoka. Tupo.”

Wumpini alizunguka ule ukuta. Aliporudi aliandika “Kpalbusi”, akaenda kutusubiri barabarani bila kugeuka nyuma.

Cheti kilipita. Mafuta yakafika Nairobi, na mnunuzi akaomba mara tatu ya yale. Barua ilikuja Jumanne jioni. Fuseina hakumwonyesha mtu. Kesho yake alipofika Kpalbusi, mistari ya kokwa ilikuwa imejaza ua wote, imetoka nje ya lango hadi njiani. Mara tatu kamili.

Alirudi mikono mitupu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ana woga.

“Salamata,” aliniambia, “mimi sikuwaagiza.”

Tukakubaliana tununue kwa wanawake wa vijiji vya barabarani, tunaowajua hadi watoto wao. Nairobi wakaelezwa kwamba mzigo utapungua. Lakini Fuseina alisema mtu haachi kununua kwa mwenzake kimyakimya, akaenda peke yake kuaga. Alisimama uani, akashukuru, akasema hatarudi. Ua ulikuwa umefagiwa, hakuna hata ganda moja, na alama za ufagio zilikuwa mbichi hadi kwenye vidole vya miguu yake.

Msimu ule tulipeleka mapipa saba badala ya ishirini na moja yaliyoagizwa. Mnunuzi alilalamika kidogo kuhusu rangi, kisha akaagiza tena. Wumpini aliomba kuhamishiwa Accra. Fuseina bado anatuongoza, ila siku hizi anapotaka kujaza fomu inayouliza kokwa zimetoka wapi, hutuita wote tukae naye chumbani.