Kibandiko Kisicho na Kitu

Kazini walimwita Mama Vibandiko, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa maabara, miaka arobaini na mitatu, mkono mtulivu, macho makali, na mdomo ambao, tuseme ukweli, ungefaa kupumzishwa mara moja moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kibandiko cha ukubwa wa stempu, chenye sindano mia tatu na ushee upande mmoja, fupi kiasi kwamba ukizipapasa utadhani ni msasa laini. Sindano zenyewe ndizo dawa: antibiotiki iliyochanganywa na gundi isiyodhuru. Ukikibandika kwenye ngozi zinayeyuka, dawa inaingia mwilini, na mgonjwa hajakunja hata uso.

Si kazi ya mtu mwenye haraka. Anamimina uji mzito wa dawa kwenye kalibu ya mpira yenye vitundu, anaizungusha kwenye mashine mpaka mapovu yote yatoke, kisha anaifungia siku mbili kwenye droo kavu. Unyevu kidogo tu ukipenya, ncha zinalegea na kazi yote imekwenda na maji. Katika kila kundi hutengeneza pia vibandiko vitupu, vya gundi peke yake, ili panya waliopewa dawa walinganishwe na wasiopewa. Maana mpaka hapo, baada ya miaka sita ya jasho, dawa hiyo ilikuwa imefika kwa panya. Kwa panya tu, basi.

Hilo la panya ndilo alilosahau kulitilia mkazo nyumbani.

Baba yake, mchoraji mstaafu wa mabango ya maduka, alikuwa mtu wa kupanda ngazi ndefu bila wasiwasi, lakini akiona sindano anatafuta mlango. Miezi mitatu nyuma, wakiwa mezani, binti alimbandika kibandiko kitupu mkononi kwa kujidai tu. Mzee akafumba macho akisubiri maumivu, hayakuja. Tangu siku hiyo kinyozi, majirani na muuza magazeti wote walipewa habari kwamba binti wa mzee amezifuta sindano duniani. Binti akasikia, akacheka, akamwacha aendelee. Sifa ni tamu, nani atamlaumu?

Kisha mzee akakanyaga msumari. Kidonda kikafunga juu, kikaoza chini kwa chini mpaka mfupani. Vidonge vikashindwa. Akalazwa ili apewe antibiotiki ya mshipani, mara tatu kwa siku, wiki sita. Wiki ya tatu mishipa ikagoma. Mikono ilijaa madoa meusi kutoka viganjani mpaka kwenye viwiko, na Ijumaa asubuhi, mahali palipokuwa na dripu ya mwisho palipovimba, mzee akaukunja mkono kifuani na kumwambia muuguzi kwamba hachomwi tena. Anamsubiri binti yake.

"Joto la baba linapanda tangu alfajiri," dada yake mkubwa alimwambia kwenye simu. "Anasema utamletea vile vyako."

"Dada, vile ni vya panya."

"Usiniambie mimi, kamwambie yeye. Wewe ndiye uliyemtia hayo maneno kichwani."

Ilikuwa kweli.

Alikwenda kwa mkuu wa maabara huku akijua jibu. Mkuu alimvutia kiti.

"Siwezi kukuruhusu, na unajua," alisema. "Lakini tuseme ningeweza. Umepiga hesabu?"

Alikuwa ameipiga, ubavuni mwa boksi la glavu. Kibandiko kimoja kilibeba dawa ya kumtosha panya. Baba yake, kwa dozi moja tu, angebandikwa mgongo, kifua, tumbo na mapaja yote mawili, na kila baada ya saa nane arudiwe, na ngozi ya kurudia isingekuwepo. Miaka sita, na alichonacho kingemtibu mzee kidole gumba, tena labda. Alitamani kuipiga teke ile droo. Badala yake alichukua kibandiko kimoja kitupu, akakitia kwenye kikopo kikavu, akaondoka bila kuaga.

Njiani akaupanga uongo.

Wodini kulikuwa na vitanda sita na feni moja iliyozungukia upande wa dirisha tu. Mzee alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, dada mkubwa amekaa kando yake. Alipomwona akajiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Huyu muuguzi ananitamani kama mbu."

"Nimekileta. Ila nisikilize. Hiki hakifanyi kazi peke yake. Lazima kiende na dripu, kimoja kinamsukuma mwenzake."

Mzee akamkazia macho. "Siku ile hukusema hivyo."

"Siku ile hukuwa mgonjwa."

Mzee akanyoosha mkono. "Haya. Anza wewe."

Binti akakibandika, akakikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu mpaka thelathini kama afanyavyo kila siku. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na bado moyo ulimchangamka, maana mzee amekubali.

Muuguzi akajaribu mgongo wa kiganja. Akajaribu kifundo cha mkono, kisha mguu ule mzima. Akamwita mwenzake mwenye umri mkubwa, yule anayesifika kwa kupata mishipa ya vichanga. Naye akachoma chini ya kiwiko, damu ikaja, mshipa ukapasuka. Mzee hakuurudisha mkono hata mara moja. Alikuwa ametoa neno lake, akawa anakitazama kibandiko tu. Sindano saba. Binti alizihesabu zote, na kila moja yeye ndiye aliyeiomba.

"Mishipa imekwisha," alisema muuguzi mwenye umri. "Inabidi awekwe mrija wa dawa kwenye mshipa wa shingoni. Daktari anayeuweka yuko hospitali nyingine, anakuja Jumatatu. Gari la kumpeleka mzee huko tumeliomba tangu asubuhi."

"Na mpaka lije?" aliuliza dada mkubwa.

Muuguzi akaendelea kufuta damu.

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka bila kificho. Hakuwa na la kufanya. Mzee akamgusa goti.

"Unalia nini sasa? Hiki si kipo?" Akakigusa kibandiko, kisha akawageukia wauguzi. "Nendeni mkawahudumie wengine. Mimi yangu imeshaingia."

Muuguzi mwenye umri akachukua faili na kalamu, akamwinamia binti. "Kina dawa kiasi gani? Niandike."

Mzee naye alikuwa anasubiri jibu.

"Hakina kitu," alisema binti. "Ni gundi tupu. Nilimdanganya ili akubali sindano."

Muuguzi akaishusha kalamu. Mzee akakifunika kibandiko kwa kiganja chake chenye moto, akatabasamu.

"Msimsikilize," alisema. "Mwanangu huyu hapendi kujisifu."