Mdomo una adabu, goti halina: Hasina na vipimo vyake vya Mabawa

Saa moja kasorobo asubuhi, uani kwa Hasina Ayubu, Mabawa jijini Tanga, Mastura amesimama ubavu kando ya uzi unaoning'inia kutoka kwenye boriti. Baibui lake limetundikwa msumarini. Amebana tumbo, ametoa kifua, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Pumua, shoga," Hasina anamwambia. "Hapa hakuna mposaji."

Mastura anaangua kicheko, na mabega yanashuka yenyewe. Hicho ndicho Hasina alichokuwa akikingoja. Anachuchumaa upesi, anafumba jicho moja, anaufuata uzi kutoka juu: sikio, bega, nyonga, goti, kifundo cha mguu. Kwa mtu aliyesimama sawa, uzi hupita karibu na vyote hivyo. Kwa Mastura, muuza sambusa aliyeinamia karai la mafuta miaka kumi na mmoja, sikio limetangulia vidole vinne.

"Kichwa kimeshafika sokoni, mwenyewe bado uko nyumbani," Hasina anasema huku akiandika kwenye daftari.

"Si kinawahi wateja," Mastura anajibu.

Uzi ule una kipande cha chuma chenye ncha. Ni timazi, kile kifaa cha waashi cha kujua kama ukuta umesimama wima. Kilikuwa cha marehemu baba yake, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu na akafa akiwa bado mpangaji.

"Baba alikuwa akisema ukuta uliopinda haunyooshwi kwa lipu," Hasina anasimulia. "Utaupendezesha tu, halafu utakuangukia."

Hasina, 36, ni mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Ana wateja kumi na tisa, wote wanawake, na hakuna anayeruhusiwa kuinua hata chupa ya maji kabla ya kupimwa mkao na mwendo. Kipimo ni Sh10,000, mazoezi ya mwezi Sh45,000. Akishatoa kodi na ada ya binti yake, kinachobaki, kwa maneno yake, "unakitafuta kwa tochi".

Kazi hii aliijua akiwa ameshika dekio. Alipiga deki jimu ya wanaume kwa Sh4,000 kwa siku. Mkufunzi akieleza, dekio lilikuwa linatembea na sikio limesimama. Akadunduliza, akaenda Dar es Salaam kwa kozi ya miezi sita, akarudi na cheti pamoja na fomu ya maswali ya kumuuliza mteja.

Fomu hiyo ndiyo iliyomtia aibu.

Mmoja wa wateja wake wa mwanzo, miaka mitatu iliyopita, alikuwa Bi Najla, sasa ana miaka 58, mwenye duka la vitambaa, mama wa watu kutoka ukoo wa Kiarabu unaoheshimika mjini. Hasina alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakunjua fomu yake.

"Magoti hayajambo, Bi Najla?"

"Hayajambo, mwanangu."

"Na mgongo?"

"Alhamdulillah."

"Hakuna panapokusumbua?"

"Namshukuru Mungu."

Hasina akaandika: hana maumivu. Siku ya nne, katikati ya kurukaruka, goti la kulia la Bi Najla likagoma. Kufika jioni limevimba kama papai. Alilala kitandani wiki sita, na tangu hapo akawa anasali kwenye kiti.

Habari hazikuhitaji redio. Kwenye kila harusi iliyofuata, Hasina alikuwa kitoweo. Wateja kumi na wanne wakabaki watatu, na wawili kati yao walikuwa shangazi zake. Akaingia kwenye kukaanga bagia. "Wapo waliokuja kununua wakaniuliza kama bagia zangu nazo zinavunja," anasema na kucheka. Wakati ule, anakiri, hakuwa na nguvu za kucheka.

Siku moja akajikaza, akaenda kumwomba radhi Bi Najla. Alimkuta amelazwa kwenye godoro, goti limezungushiwa bendeji, mto chini, mto juu, hata kwenda msalani anashikwa huku na huku.

"Waendeleaje, Bi Najla?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Hofu kwako."

Hapo ndipo kichwa cha Hasina kilipofunguka. Aliangalia lile goti, akamwangalia mwenyewe usoni, akashindwa kujizuia. "Nikamwambia, Bi Najla, hata ukiwa kwenye sanda utanijibu hujambo! Akacheka mpaka goti likamuuma. Na hata hapo hakusema linauma."

Kumbe yeye alikuwa anauliza kipimo, mwenzake anajibu salamu. Mwanamke aliyelelewa vizuri hapa Tanga haanzi na ugonjwa. Huanza na shukrani, na mara nyingi huishia hapohapo.

Fomu akaitumia kufungia bagia.

Siku hizi mdomo hupewa salamu zake kamili, kisha hupumzishwa. Mteja huambiwa akae kwenye mbuzi akune nusu ya nazi, na Hasina atazame bega lipi linapanda. Huambiwa ainue beseni kutoka chini, asimame mguu mmoja kama anayefunga kamba ya kiatu, ashuke mkekani na kuinuka bila kushika kitu.

"Mdomo una adabu," anasema. "Goti halina."

Kwa maumivu kuna sahani ya bati na pilipili kichaa. Mteja haulizwi wala hajibu. Asipoona uchungu, anaiacha sahani tupu. Panasumbua, anaweka pilipili moja. Panauma, mbili. Akiweka tatu, Hasina anakunja mkeka na kumwambia aende hospitali. Wengi waliokuwa wameficha maumivu miaka na miaka huweka pilipili bila haya, alimradi hawalazimiki kutamka.

Ila Bi Najla. Alirudi mwaka jana baada ya daktari wake kumruhusu mazoezi mepesi, akawashangaza waliokuwa wakimsema Hasina harusini, na akawashangaza zaidi waliodhani hatamsamehe. Miezi tisa amekuja, na miezi tisa sahani yake inarudi tupu. Hasina humfundisha kwa macho tu, mazoezi madogo madogo, kama anayemlisha mtoto uji wa moto.

Leo ndiyo siku yake ya kipimo. Ramadhani itaingia baada ya wiki tatu, na Bi Najla anataka kuswali tarawehe akisujudu chini na wenziwe. Anataka Hasina atamke kwamba sasa aache kiti.

"Nikikosea mara ya pili," Hasina ananong'ona akitandika mkeka, "Mabawa nahama. Na yeye lile goti hana jingine."

Bi Najla anaingia, anavua baibui, anaitikia shikamoo mbili. Anasimama kando ya timazi. Anakuna nazi. Anainua beseni. Kisha anasogea mkekani.

Anashuka taratibu. Paji la uso linagusa mkeka. Anatulia hapo kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji, na hakuna anayemharakisha. Halafu anainuka. Mikono haikushika kitu.

Mastura anapiga kigelegele. "Kiti tukipeleke mnadani!"

"Alhamdulillah," anasema Bi Najla, anahema na kutabasamu. "Sijambo kabisa."

Hasina hapigi makofi. Ameona goti la kulia likikimbilia ndani wakati wa kuinuka, na vidole vya Bi Najla vikifinya gauni. Anaichukua sahani ya bati, anaishikilia mbele yake kama anayemkaribisha tende.

Bi Najla anaitazama sahani. Anamtazama Mastura, ambaye ghafla ana shughuli na ukuta. Anachukua pilipili moja, anaiweka. Anafikiri kidogo, anaongeza ya pili.

"Linauma, Hasina," anasema kwa sauti ndogo. "Likiinuka linauma. Siku zote lilikuwa linauma."

Hasina anaketi palepale sakafuni. Macho yamemlowa, mdomo unacheka. Miaka mitatu aliisubiri sentensi hiyo.

"Basi kiti kinabaki, mama. Tarawehe za mwanzo utakaa. Tutalifundisha kuinuka, sasa kwa kuwa limesema. Na kesho daktari wako aambiwe hizi pilipili ni mbili."

"Na kumi la mwisho?"

"Kumi la mwisho tutaangalia sahani."

Baada ya Idi, Hasina ana mpango wa kupeleka timazi yake Tongoni mara moja kwa wiki, ambako kina mama wameshamwita, na kumfundisha Mastura kupima ili ua wa Mabawa usilale. Ila kabla ya hayo yote kuna lile goti.

"Siku sahani ya Bi Najla itakaporudi tupu na mimi nikaiamini," anasema akirudisha pilipili kwenye kopo, "kiti chake nakifuata mwenyewe. Nakileta hapa uani, nakikalia. Na mimi nimesimama sana."