Ndege Isimame, Maka Ije

Leo mama yangu amenishinda, na mimi ni mwalimu wa fizikia.

Anaenda Umra wiki ijayo. Tukiwa kwenye chai, akauliza:

"Abdi, si unasema dunia inazunguka?"

"Ndiyo, Hooyo."

"Basi ndege ipae, isimame juu ya Garissa, ingoje Maka ije."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hewa nayo inazunguka na dunia, kwa hiyo ndege ingebaki palepale juu yetu.

Yeye hakucheka. "Kwa hiyo ni lazima iende?"

Hapo nikaelewa. Hajawahi kupanda ndege. Anaogopa!

Fizikia nikaiweka kando, nikaanza kumsomea dua ya safari. Nikaikosea.

Akanisahihisha, akacheka mpaka akafuta machozi.

Jamani, nyinyi mama zenu mliwatoaje hofu ya ndege?