Kibaba kwa Kila Kichwa

Uji wa uwele ukishika chini ya sufuria hutoa harufu ya moshi na ya utamu kwa pamoja, na mpaka leo nikiisikia jikoni kwangu hukasirika kabla sijakumbuka nakasirikia nini. Mjukuu wangu hudhani namkasirikia yeye, aliyesahau kukoroga. Ninyi wasomaji nitawaambia ukweli.

Nilianza shule Jumatatu, tarehe 9 Februari 1953, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tarehe hiyo sikuhadithiwa: mwalimu aliiandika ubaoni, nami niliinakili kama mtu anavyochora nyayo za ndege, maana tarakimu nilizishika kabla ya herufi. Shule ilikuwa ya Serikali ya Wenyeji, upande wa Igalula, kando ya njia ya zamani ya misafara, na kutoka kwetu ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Baba alikuwa amekataa kwa miaka mitatu. Alikubali kwa sababu moja tu: mwaka ule bomani walileta sufuria kubwa na magunia machache ya unga wa uwele, ili wanafunzi wapikiwe uji saa nne.

"Akila huko, aende," alisema. "Asipokula, haendi tena. Sitaki kuokota mtoto njiani."

Kwa hiyo mnaelewa: sufuria ilipokuwa mekoni, nami nilikuwa darasani.

Magunia ya bomani yaliisha kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kila Jumatatu kila mtoto alete kibaba cha unga. Asiyeleta asipange mstari. Mvua zilikuwa zinanyesha, mavuno yalikuwa bado, na ghala za watu zilikuwa zimebaki vumbi. Mama yangu, ambaye kwa Kinyamwezi tulimwita mayu, alikijaza kibaba changu, akakipangusa juu kwa kiganja. Baba ndiye aliyesema.

"Babu yake alikuwa mpagazi, akapimiwa posho mpaka pwani. Na huyu naye anapimiwa?"

Lakini akaniacha niende.

Sasa nieleze kosa letu. Kwetu mtoto hufundishwa, hata kabla hajajua kufunga nguo yake, asile mbele ya mwenzake anayemtazama. Siku ya kwanza ya mstari, Kalunde, niliyekaa naye dawati moja, ambaye kwao walikuwa watoto saba na unga hakuna, alisimama ukutani akijifanya anatazama mijusi.

"Njoo unywe," nikamwita.

"Nimeshiba."

"Umeshiba mijusi?"

Akacheka, akaja. Tulikunywa kwa zamu kikombe kimoja cha bati, na wengi wakafanya kama sisi, kwa kuwa wote tulilelewa hivyo hivyo. Wiki ya pili waliokunywa walikuwa wengi kuliko waliopanga mstari.

Akina mama waliona. Aliyepeleka unga alijiuliza mbona mwanawe anarudi na njaa. Alipogundua kwamba wa jirani anakunywa bila kupeleka, naye akaacha. Mpishi akaongeza maji, uji ukawa mwepesi hata tukauita maji ya kunawa. Mwalimu mkuu akamkuta Kalunde na kikombe changu mkononi, akatuchapa sote wawili, mimi kwa kugawa, yeye kwa kupokea.

Ukaitwa mkutano wa wazazi. Mayu alisimama kusema, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakilifanya, nami nilikuwa nje ya dirisha.

"Mwalimu, vibaba hivi vinatugombanisha. Tuonyeshe shamba, utupigie ngoma, tuje na majembe kama tunavyolimiana. Tutalima, tutavuna, tutapika, na watoto wote watakula. Kwenye kazi ya ngoma hatuulizani nani kaleta nini."

"Mama, maagizo yamesema kibaba kwa kila kichwa."

"Aliyeagiza amewahi kupika?"

Watu walicheka sana. Mwalimu naye alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoufunga mkutano. Hakuna aliyeandika alichosema mayu.

Ijumaa, tarehe 20 Machi, sufuria haikuinjikwa. Jumatatu iliyofuata nilivaa gauni langu. Baba akaniambia nilivue, niende shambani kuamia ndege. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilijifukuza shule mwenyewe. Hata kisimani nilimkwepa Kalunde, kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa masomo yangu.

Kusoma nilijifunza mwaka 1972, katika darasa la watu wazima, nikiwa mama wa watoto wanne, marehemu mume wangu akinichongea penseli kwa kisu. Siku zile ndipo nilipoacha kujilaumu na kuanza kukasirika. Watoto hatukuivunja sheria yoyote tuliyoijua. Sheria ya mwalimu ndiyo iliyotutaka tuvunje ya kwetu. Naye alikuwa mtu wa huku huku, aliyelimiwa shamba lake kwa ngoma na akapikia kila aliyekuja. Dawa ya sufuria ile ilitajwa mbele yake, kwa sauti, na mtu aliyezoea kupikia watu wengi.

Mayu alifariki mwaka 1969, na sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Siku ya mkutano, tulipokuwa tunarudi nyumbani, nilitembea mbali nyuma yake, ili wale waliokuwa bado wanacheka wasinione kuwa ni mtoto wake.