Tundu la Soketi Chumbani kwa Bibi

Wiki iliyopita fundi alikuja kuniongezea soketi jikoni. Aliponyunyizia ukuta maji na kuanza kugonga tindo, harufu ya tofali la kuchoma lililolowa ikanifikia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ni harufu iliyo karibu na ile ya udongo wa mvua ya kwanza, ila ina ukali wa majivu ndani yake. Nikacheka peke yangu. Fundi aliniangalia kwa wasiwasi, lakini yeye sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi.

Nililelewa Kibiti na Bibi, mama yake baba. Nyumba ile waliachiwa na baba yao, mabinti wawili: Bibi yangu, na mdogo wake, Sikudhani, tuliyemwita Bibi Mdogo. Ilikuwa paa moja, milango miwili, na ukuta mmoja katikati. Tangu nipate akili, wawili hao walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa pilau. Kwenye harusi moja huko Mtunda, Bibi Mdogo ndiye aliyesimamia masufuria, na Bibi akasema mbele ya wageni kwamba wali umekuwa uji. Basi, salamu zikakatika. Maneno yakawa yanapita kwangu. "Kamwambie huyo wa upande wa pili mbuzi wake kala mchicha wangu," Bibi angesema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, nami ningezunguka nyumba kupeleka habari ambayo mwenyewe alikwisha kuisikia. Baba hakutaka kuingilia. Ndugu wakigombana, alisema, chukua jembe ukalime.

Umeme ulipofika mtaani kwetu, kila mmoja akaitiwa fundi wake. Wa Bibi Mdogo alitangulia, akachimba ukuta siku nzima, akaondoka kabla ya kupachika boksi la soketi. Kesho yake akaja wetu, kijana mcheshi aliyeitwa Athumani. Alimwuliza Bibi soketi ya chumbani aiweke wapi.

"Hapo kichwani kwa kitanda," Bibi akajibu. "Nataka redio yangu iwe karibu."

Athumani akashikiza boksi ukutani, akalizungushia penseli, akaanza kugonga. Nilikaa kitandani nimeziba masikio, nikitazama tofali likimeguka kama mkate mkavu na vumbi jekundu likitua kwenye nyusi zake. Mara pigo moja likatoa mlio mwepesi, wa ajabu. Tindo likazama lote. Upande wa pili mtu akapiga ukelele.

Athumani akalichomoa polepole. Mwanga mwembamba ukaingia kwetu, kisha ukazibwa. Tukaona jicho.

"Nani ananimwagia matofali kitandani?"

Kumbe Bibi Mdogo naye alitaka soketi kichwani kwa kitanda chake, na kitanda chenyewe kilikuwa papo hapo, nyuma ya cha Bibi. Ukuta ulikuwa wa tofali moja. Fundi wake alikula nusu, wetu akamalizia nusu iliyobaki.

Athumani alianza kuomba radhi. Bibi akamwashiria anyamaze. Akapanda kitandani kwa magoti, akasogeza uso kwenye tundu.

"Ni mie."

Nilikamata shuka kwa mikono miwili. Nilijua leo watatukanana, na safari hii bila mjumbe.

"Unanibomolea nyumba?" akauliza Bibi Mdogo.

"Nyumba ya baba yetu. Sote twaibomoa."

Kisha sauti ya upande wa pili ikasema, "Na pilau yangu haikuwa uji."

"Ilikuwa uji, Sikudhani."

Jicho likatoweka. Bibi akaongeza haraka, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake: "Lakini nilikula sahani mbili. Ningekula na ya tatu, basi tu nilishajiharibia kwa maneno."

Kicheko kilichopenya tundu lile kilimfanya Athumani aangushe nyundo. "Nilikuona!" Bibi Mdogo alipiga kelele. "Nilikuona ukirudi na sahani, dada!"

Bibi akashuka kitandani, akajitanda kanga yake, akazunguka nyumba. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akipiga hodi kwenye mlango ule. Mchana huo tulikula mihogo ya nazi huko kwa Bibi Mdogo, wote pamoja na fundi, na mabibi hawakuacha nafasi ya mtu mwingine kusema.

Athumani aliposogeza soketi yetu pembeni na kuanza kuziba tundu kwa vipande vya tofali na saruji, nililia. Niliamini likizibwa tu, watanuniana tena. Bibi alinifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mjukuu wangu, milango ipo."

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba tundu ndilo lililowapatanisha. Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda kumpangia Bibi chumba upya, nikagundua kitanda kingekaa vizuri zaidi dirishani, penye upepo, na Bibi alikuwa mtu wa kulalamikia joto kila siku ya Mungu. Nikaenda kuangalia chumba cha mdogo wake: ni vilevile. Kila mmoja alikuwa na kuta nyingine tatu. Na katika miaka yote ile ya kununiana, hakuna aliyehamisha kitanda. Walilala kichwa kwa kichwa, tofali moja katikati, na nadhani hakuna aliyepata usingizi kabla hajasikia mwenzake amekohoa.